Ganzi Si Moja

Jumamosi moja hapa Silver Spring, tukiwa kwenye nyama choma, mzee wetu mmoja alilalamika kwamba nyayo zote mbili zinamchoma usiku kama amekanyaga makaa, na vidole vina ganzi kwa miezi sasa. Jamaa mmoja akadakia: "Mzee, omba ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hawa wanayo!" Wengi tukatikisa vichwa kukubali. Mimi ni mhandisi, si daktari, lakini leo naomba kupinga.

Jamani, bomba lililoziba na waya uliochakaa ni matatizo mawili tofauti. Dawa hiyo, alteplase, huzibua bomba. Utafiti wake maarufu ulisimamiwa na taasisi ya NINDS, hapo Bethesda, ukachapishwa Desemba 1995: wagonjwa 624 wa kiharusi, wakitibiwa ndani ya saa 3. Waliopewa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 30 au zaidi, ya kuwa na ulemavu kidogo au kutokuwa nao kabisa baada ya miezi 3. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaonyesha inasaidia hadi saa 4 na nusu. Ila ina hatari yake: katika ule wa NINDS, wagonjwa kama 6 kati ya 100 walivuja damu ubongoni wakazidiwa, kwa wasiopewa, hakufika hata 1.

Nyayo zinazochoma polepole kwa miezi mara nyingi ni tatizo la waya, yaani neva: kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe. Hapo hakuna bonge la kuyeyusha. Mzee akapime sukari kwanza. Hata ganzi iliyobaki miezi baada ya kiharusi haiondolewi na dawa hii, maana ubongo uliokwisha kufa haufufuki kwa kuzibua bomba.

Lakini kosa linalonitisha zaidi ni la upande wa pili. Ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo kwenda kombo, ulimi kuwa mzito: sisi wabeba boksi tunasema "uchovu wa shifti huu, nikilala utapita". Ukweli ni kwamba tunaogopa bili. Mimi mwenyewe niliwahi kulala na mkono uliokufa ganzi ghafla, nikipiga hesabu ya ambulensi badala ya kuhesabu dakika. Ulipita, lakini bahati si bima. Hata dalili inayopita huweza kuwa onyo.

Tangu 1986 sheria ya hapa inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura, karibu zote, zikupime na kukutuliza hali hata kama huna senti. Bili itakuja, sikatai. Lakini bili unaweza kuomba kuilipa kidogo kidogo. Ubongo hauna mkopo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo ikikutokea, piga 911 na ukumbuke saa ilipoanza. Hilo ndilo swali utakaloulizwa mapema, na jibu lake ndilo litakaloamua kama dawa hiyo bado inakufaa.