Shanta Mgongoni, Sokoni Bombei

Katika watu wetu wanaofunga safari ya Bombei, mji ambao tangu mwaka 1995 jina lake rasmi ni Mumbai, aghalabu huonekana makundi mawili: wagonjwa waendao kutafuta tiba na wafanyabiashara waendao kutafuta bidhaa, na yote mawili, kwa udhuru ulio dhahiri, hurejea bila ya kuujua mji wenyewe. Siku hizi limezuka kundi la tatu, nalo ni la vijana wa hirimu moja wanaochangiana gharama, wakatia nguo chache katika shanta, wakalala katika vyumba vya bei nafuu, na kutwa wakazunguka masokoni kwa miguu. Wazee wengi huwatazama kwa kejeli, wakisema kuwa mtembezi hula miguu yake. Mimi, kwa idhini ya wazee wangu hao, nashikilia kwamba hili la tatu ndilo lipatalo faida kubwa zaidi, na sababu yake imo katika shanta lile lile wanalolicheka.

Shanta ni dogo, na aliyelibeba hana budi kulichukua kesho tena, na kesho kutwa, katika ngazi za stesheni na msongamano wa magari ya moshi. Kwa hiyo hawezi kununua kitu kikubwa hata akitamani. Mtu asiyeweza kununua, jicho lake huwa huru. Tajiri aliyekuja kuchukua vitambaa huingia sokoni na hesabu kichwani, akaona bei na asione mtu. Lakini kijana asiye na nafasi ya kutia hata shuka moja zaidi hupata wasaa wa kusimama, kuuliza, na kutazama kazi za watu zinavyokwenda.

Na Bombei kuna mengi ya kutazamwa. Soko la Crawford lilikamilika mwaka 1869, na ijapokuwa leo limepewa jina la Mahatma Jyotiba Phule, wenyeji wengi hawajaliacha jina la kale. Juu ya milango yake pana nakshi za mawe zenye sura za wakulima kazini, kazi ya Lockwood Kipling, baba yake mwandishi Rudyard, na chini yake watu hupita mchana kutwa wasiinue macho. Ndani, ikifika Aprili na Mei, hutawala maembe ya Alphonso, ambayo wenyewe huyaita hapus, yatokayo pwani ya Ratnagiri upande wa kusini. Bei hutajwa kwa dazani. Muuzaji hufunua majani makavu yaliyomo kisandukuni, akatoa embe moja kwa ncha za vidole kama atoaye yai, akalisogeza puani mwa mteja upande wa kikonyo, kisha akanyamaza, kwa kuwa harufu ile yatosha kumsemea.

Ukitoka hapo hatua chache tu wakuta mtaa wa nguo wa Mangaldas, na mbele yake Zaveri, mtaa wa dhahabu; Princess Street ina dawa, na pande za Masjid Bunder viungo na matunda makavu. Msikiti wa Ijumaa uliokamilika mwaka 1802 na hekalu la Mumbadevi ni jirani humo humo. Wengi hustaajabu kwa nini wauzaji wa kitu kimoja wakae ubavu kwa ubavu na kunyang'anyana wateja, lakini anayezunguka asubuhi moja huelewa: mnunuzi huja mtaa mzima kwa kuwa anajua atalinganisha bei kwa mwendo mfupi, na muuzaji anayedanganya habari zake huenea kabla ya adhuhuri. Pale Mangaldas mwenye duka huketi juu ya godoro jeupe, mteja akavua viatu, na jora likakunjuliwa mbele yake kwa mkupuo mmoja. Haya si mageni kwetu sisi watu wa pwani. Katika karne ya 19 karafuu na pembe za Unguja zilivuka bahari kwenda Bombei, nazo nguo zikaja kwetu, na rupia ikawa fedha ya masoko yetu kwa miaka mingi. Hata leo kanga nyingi tuzivaazo hupigwa chapa India.

Hata hivyo sifa hizi zina masharti, na vijana wetu huyavunja mara kwa mara. Kwanza, marafiki wanne wakitembea pamoja hugeuka kijiji. Huzungumza wao kwa wao, hucheka wao kwa wao, na soko likawapita pembeni. Afadhali waachane asubuhi, kila mmoja ashike mtaa wake, wakutane magharibi kwa chakula cha Mohammed Ali Road na kusimuliana, kwa maana masahibu wana kazi njema zaidi wakati wa kusimulia kuliko wakati wa kutazama. Pili, kuna fahari mbaya ya kupunguza bei. Kushindana kwa maneno na mwenye duka aketiye godoroni ni murua wa soko, naye mwenyewe huupenda. Lakini kumbana hamali aliyebeba kikapu kichwani, au mkokota mkokoteni, ili kuokoa rupia chache za kujisifia usiku, ni dhuluma iliyovishwa nguo za werevu. Tatu, kule bandari ya samaki ya Sassoon, iliyofunguliwa mwaka 1875, wanawake wa Kikoli hunadi na kupokea samaki alfajiri kwa kasi ya ajabu. Wako kazini, na mwenye kamera aombe ruhusa kwanza au aiweke mfukoni.

Kwa wazazi nina wasia mmoja. Kijana akija kuomba radhi ya kusafiri na wenzake namna hii, mpeni kwa moyo mkunjufu, wala msimtwike orodha ya vitenge, bangili na dawa za kuletewa. Maana siku atakapoanza kutafuta maagizo ya shangazi na jirani, atakuwa ameshaingia katika kundi la pili. Mwenye agizo na amtafute mfanyabiashara.