Somo hakunifunza barua hii



Somo yangu alinifunza mengi kabla sijaolewa. Nilikaa ndani siku saba kule Unguja, nikasingwa mpaka ngozi ikang'aa, nikafunzwa kufukiza nguo kwa udi, kumpokea mume anaporudi kazini, kunyamaza akiwa na hasira na kusema akishatulia. Mwenyezi Mungu amrehemu, alinipa kila alichokijua. Lakini hakunifunza la kufanya siku mume anaporudi saa nne ya asubuhi, na begi la chakula halijafunguliwa, na barua mkononi inayosema kazi imekwisha.

Sisi tunaishi Uingereza. Siku hiyo tulikuwa Leicester, tuna watoto wawili na wa tatu yumo tumboni. Baba watoto alikaa kwenye kochi na koti lake mwilini. Neno lake la kwanza halikuwa kodi ya nyumba wala watoto. Aliniambia, "Usimwambie mama."

Aibu ile ndiyo iliyotugharimu, kuliko hata barua yenyewe. Miezi miwili alikataa kuomba posho ya serikali. "Mimi si ombaomba," alisema, nami nikaona ni heshima, nikanyamaza kama nilivyofunzwa. Tukala akiba, tukakopa kwa shemeji, tukauza cheni yangu moja ya harusi. Alipokubali kuomba ndipo tukajua kwamba posho huhesabiwa tangu siku unayoomba, si tangu siku uliyopoteza kazi, ila kwa sababu chache maalumu. Na hela ya kwanza ya Universal Credit kwa kawaida huja baada ya wiki tano hivi. Hesabuni wenyewe tulivyokaa.

Kwa hiyo maoni yangu nayasema wazi: posho hii si sadaka ya aibu, na wala si riziki ya kuegemea. Ni chakula cha njiani. Anayeikataa kwa kiburi anawaumiza watoto wake, na anayekaa nayo akasahau safari anajiumiza mwenyewe.

Nani kanifundisha hivyo? Mnakikumbuka kisa cha yule Ansari aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo moja nzito na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa, vikauzwa kwa dirham mbili. Dirham moja akaambiwa anunue chakula awapelekee watu wake, na ya pili anunue shoka. Mtume akalitia shoka mpini kwa mkono wake, akamtuma akate kuni na asionekane mpaka siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirham kumi.

Tunapokisimulia kisa hiki tunakimbilia shoka. Tunamwambia mtu, kafanye kazi, acha kuomba. Lakini tazameni mpango ulivyokuwa. Chakula cha nyumbani kilitangulia, na shoka likafuata. Hakuambiwa akate kuni huku watoto wana njaa. Na hakupewa dirham zote mbili azile. Posho ndiyo ile dirham ya chakula. Shoka bado linahitaji kununuliwa, na muda umewekwa.

Basi tulitumieni kwa haki. Mkiwa mke na mume mnaoishi pamoja mnaomba pamoja, na akiba yenu mkiwa na zaidi ya pauni 16,000 hampati. Kila mmoja huandikiana na mshauri wa kazi mkataba wa yale atakayoyafanya kutafuta kazi, na kwa asiye na watoto wadogo wala maradhi inaweza kufika saa 35 kwa wiki. Mkibanwa kabla ya malipo ya kwanza mnaweza kuomba kutangulizwa, na mkopo huo hauna riba. Hukatwa kidogo kidogo katika posho zinazofuata. Nasema hili kwa sababu najua wenzangu walioogopa riba hapo, wakaenda kukopa kwa kadi yenye riba kweli kweli.

Ulizeni pia kwa mshauri kama kuna msaada wa nauli ya kwenda usaili, au nguo za kazi. Upo mfuko wa aina hiyo, lakini ni hiari ya mshauri, na asiyeuliza haambiwi. Mimi na mume wangu tuliuliza wiki ya saba.

Na hapa nina neno gumu kwa sisi wanawake. Wewe unayechora hina kwa maharusi, unayepika biriani za shughuli, unayeuza majuba kwenye simu: kipato hicho lazima kitajwe. Kusema "ni hela ndogo" hakuifanyi kuwa halali kuificha. Tumetia sahihi, na Muislamu hufungwa na ahadi yake. Tena hofu yenyewe haina msingi. Mshahara unapoingia, posho hupungua senti 55 kwa kila pauni, na wenye watoto huachiwa kiasi fulani kwanza bila kukatwa. Anayefanya kazi hubaki na zaidi kuliko asiyefanya. Uongo hauna faida hata ya dunia.

Sasa nije kwenye kuhama, maana ndiko nyumba zinakovunjika.

Baba watoto ni fundi wa mitambo ya baridi. Leicester alitafuta, hakupata. Kazi ikatokea Newcastle, zaidi ya maili 150. Sheria ya posho haikumlazimisha. Kwa kawaida mtu hutakiwa kukubali kazi ambayo safari yake haizidi dakika 90 kwenda na dakika 90 kurudi. Kule kulikuwa mbali kupita hapo. Angeweza kukataa bila kuadhibiwa. Lakini alikuwa amechoka kukaa, akaikubali kwenye simu, kisha ndiyo akaja jikoni kuniambia.

Nikasema siendi. Nilikuwa na sababu: madrasa ya watoto, mkunga aliyenijua, jirani wa Kimombasa anayeniletea uji, msikiti wenye nafasi ya wanawake. Nikampigia mkwe wangu, nikidhani atanitetea. Akanijibu, "Mwanangu, mwanamke humfuata mumewe," akakata simu. Sikufuata. Mume akaenda peke yake, akapanga chumba. Kodi mbili, nauli za kila wiki mbili, na mtoto wetu wa tatu akazaliwa baba yake akiwa ndani ya treni. Alimwadhinia sikioni baada ya saa tano. Sijamsikia akilalamika, lakini mpaka leo akiiona treni hunyamaza.

Baada ya miezi mitano tukahama sote. Je, nilikosea kukataa? Nimelifikiri sana. Naona sikukosea kuwa na sababu. Nilikosea kuzisema kwa hasira badala ya kuziweka mezani. Naye hakukosea kutafuta riziki mbali. Alikosea kukubali kwanza na kuuliza baadaye. Na mkwe wangu, pamoja na heshima zangu zote kwake, alinipa jibu la nusu. Mwanamke kumfuata mumewe hakumwondolei mume kushauriana. Mafundisho yetu yanataka mashauriano ya mume na mke hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Itakuwaje tusishauriane katika kuing'oa nyumba nzima?

Nawapa tunavyofanya sasa. Kazi ya mbali ikitokea, hajibu siku hiyo. Tunaomba siku mbili tatu, tunasali istikhara, kisha tunachukua karatasi. Tunaandika mshahara baada ya kodi ya serikali. Tunaandika kodi ya nyumba ya kule, si ya huku, maana sehemu ya posho inayosaidia pango hutofautiana mji na mji. Tunaandika amana ya nyumba, ambayo kwa nyumba nyingi za kupanga hapa England sheria ya 2019 imezuia isizidi kodi ya wiki tano. Tunaandika shule, mkunga, msikiti na duka la nyama halali. Mwisho tunaandika: nani atabaki peke yake mchana kutwa, na atazungumza na nani? Swali hili wanaume hawaliandiki. Liandike wewe.

Tukishaamua, tunaamua sote, na lawama inakuwa yetu sote.

Kwenu maharusi watarajiwa mnaochumbiwa na vijana wa huku, nina mambo matatu, na nakuombeni myaulize kabla ya posa kujibiwa.

La kwanza ni viza. Bibi harusi anayekuja kwa viza ya mke anaruhusiwa kufanya kazi, lakini haruhusiwi kudai posho kama Universal Credit mpaka apate ukaazi wa kudumu, na njia hiyo kwa kawaida ni miaka mitano. Tangu Aprili 2024 mwenye kumleta mke kwa mara ya kwanza kwa kawaida hutakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mume akipoteza kazi, pigo lake kwako si sawa na kwa aliyezaliwa huku. Usidai chochote bila kumuuliza mshauri wa uhamiaji anayetambulika. Lakini jueni pia hili: ipo posho nyingine, New Style Jobseeker's Allowance, inayotokana na michango ya bima ya taifa. Aliyeajiriwa na kuchangia vya kutosha katika miaka miwili mitatu ya karibuni anaweza kuidai hadi miezi sita, haitazami kipato cha mume, na haimo katika orodha ya fedha za umma zinazokatazwa na viza. Basi kazi yako ndogo yenye hati ya mshahara ni ngao yako mwenyewe.

La pili ni sharti la mji. Wengine huambiwa waandike katika mkataba wa ndoa kwamba mume hatamhamisha mke mjini kwake. Kwa Hanbali sharti hilo lina nguvu, na likivunjwa mke ana haki ya kudai ndoa ivunjwe. Kwa Shafi, ambao wengi wetu Unguja tunawafuata, sharti hilo halimfungi mume. Muulizeni sheikh wenu mapema, msije mkashika karatasi mkidhani ni ukuta kumbe ni pazia.

La tatu ni swali moja tu la kumuuliza mchumba mbele ya wazee: "Kazi ikikuponyoka, utaniambia siku gani?" Msikilize anavyojibu. Atakayesema "siku hiyo hiyo" ana uanaume wa kutosha.

Na msidhani haya ni mambo ya wanaume peke yao. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kazi wala pa kulala. Akawanyweshea wanawake wawili wanyama wao, akarudi kivulini akamwomba Mola wake heri yoyote. Aliyemwambia mzee amwajiri alikuwa mmoja wa mabinti wale. Aliona nguvu na uaminifu, akasema. Mahari yake ikawa kazi ya miaka minane, na kumi akipenda kukamilisha. Muda ulipokwisha akasafiri na ahali zake. Kazi, ndoa na kuhama vyote vimo katika kisa kimoja, na mlango ulifunguliwa na neno la mwanamke.

Nami nilichelewa kufungua kinywa. Miezi miwili ile ya aibu nilinyamaza nikidhani ndiyo adabu. Lau ningesema, "Baba watoto, kesho tunaenda kuomba pamoja, na mama nitamwambia mimi," cheni yangu ingekuwepo, na pengine mwanangu angeadhiniwa akiwa bado na joto la tumboni.

Mama mkwe alikuja kujua mwenyewe, kwa mtu mwingine. Alitupigia simu akilia. Hakulia kwa sababu mwanawe hana kazi. Alilia kwa sababu miezi miwili yote alikuwa akimwombea mambo mengine.

Mwenyezi Mungu awafungulie waume zetu na sisi milango ya halali, karibu au mbali, na popote atakapotupeleka atupeleke pamoja. Amin.