Vita ya 1914 haikutunyima Kiswahili

Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, hapa Kalemie, pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha njia ya bonde la Kongo kubaki nje ya vita vya Ulaya, na mwanzoni Ubelgiji ilitaka iwe hivyo. Shambulio lile lilifunga njia hiyo. Mwaka 1916 askari wa Kongo chini ya Wabelgiji waliingia Kigoma na Tabora.

Wenzangu wa isimu hupenda kuanzia hapo. Kama Wajerumani wangalishinda, wanasema, wangalichukua Kongo, na leo shule na mahakama zetu zingalitumia Kiswahili, kwa kuwa ng'ambo ya ziwa walikitumia shuleni na ofisini. Sehemu ya kwanza si ndoto tupu: Septemba 1914 serikali ya Berlin iliandika mpango wa kujipatia himaya moja katikati ya Afrika.

Sehemu ya pili ndiyo ninayoikataa. Wajerumani walitaka makarani na maakida wa kuwaendeshea utawala. Wabelgiji nao walikitumia Kiswahili huku kwetu, misheni na migodini, kwa hesabu zao wenyewe. Mkoloni wa kila upande alikichukua pale kilipomfaa. Tofauti kubwa ilikuja baada ya uhuru: kufuatia Azimio la Arusha la 1967, Watanzania wenyewe walikifanya lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Hata wao, sekondari waliiacha kwa Kiingereza. Hapo hatuwezi kumlaumu mfalme yeyote wa Ulaya.

Sarufi tunayosoma inatufundisha kwamba -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita, na -nge- ni ya jambo ambalo bado lingewezekana. Mjadala wetu umekaa sana kwenye -ngali-, na kiima chake ni Berlin au Brussels. Kwa nini kiima kisiwe sisi?

Katiba ya 2006, ibara ya kwanza, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na kuipa serikali wajibu wa kuzikuza. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Mlango uko wazi kisheria. Lakini mtoto wa Kalemie anayeingia darasa la kwanza akijua Kiswahili anahitaji kitabu cha kusoma na mwalimu aliyefundishwa kukiandika.

Sisi tunachunguza Kiswahili, kisha kazi zetu za mwisho wa masomo tunaziandika kwa Kifaransa. Napendekeza kitivo kimruhusu anayetaka aandike kwa Kiswahili, na kila mwaka wahitimu watunge pamoja kitabu kimoja cha darasa la kwanza. Hilo tungeliweza mwaka huu.