Maumivu ya tumbo si uvivu

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo watu wanalisema chini-chini tu.

Muhula uliopita msichana mmoja wa darasa letu alikosa mtihani wa hesabu. Alikuwa amejikunja ku mukeka, anatapika. Akapewa zero, akaambiwa ni uvivu, kwani wanawake wote wanapita hapo. Na sisi wavulana, tuseme kweli, tulicheka. Kumbe ilikuwa hivyo kila mwezi tangu darasa la pili, naye alikuwa anaficha.

Tukaenda kuuliza muuguzi. Ni kweli, tumbo kuuma kidogo siku za mwezi ni jambo la kawaida. Kidonge na chupa ya maji ya moto vinatosha. Lakini maumivu yanayomwangusha mtu chini, yanayomchoma hata akienda chooni, ama yanayobaki hata kisha damu kuisha, hayo yanaweza kuwa ugonjwa. Unaitwa endometriozi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota inje yake, pengine ku matumbo, inavimba na kuacha makovu. Si uchawi, wala si malipo ya uzinzi (tumesikia yote mawili, hata kwa watu wenye diploma!). OMS inasema unashika karibu mwanamke mmoja kwa kumi wa umri wa kuzaa, na miaka 4 mpaka 12 inaweza kupita mbele ya kuujua.

Dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Za kupunguza maumivu ziko, na vidonge vya homoni pia. Lakini hivyo ni vile vile vya kupanga uzazi, ndiyo maana wazazi wengine wanakataa hata kusikia. Hapo munganga azungumze na mama mwenyewe.

Ninyi wasichana, andikeni ku kakaratasi siku mnazoumwa, mumuonyeshe munganga. Na wakuu wetu tunawaomba hivi: msichana aweze kumwambia mwalimu mwanamke peke yake, si mbele ya darasa zima, na mtihani aliokosa aufanye siku ingine.

Mwenzetu yule bado ana zero yake. Mitihani ya mwisho wa mwaka inakaribia, na tarehe zake amekwisha kuzihesabu.