Tusimsingizie Mungu

Mama akifariki wakati wa kujifungua, kuna sentensi ambayo hufika msibani kabla ya jeneza: "Ni mapenzi ya Mungu." Wazee huisema, wanakwaya huirudia, na mara nyingi mhubiri huihitimisha kaburini. Watu huitikia "Amina", kaburi hufukiwa, na hakuna anayeuliza mama yule alianza kutokwa damu saa ngapi, gari lilipatikana saa ngapi, na ni nani aliyesema "tusubiri kwanza".

Sisi tunasema kwamba sentensi hiyo, ikitumika namna hiyo, ni uongo juu ya Mungu. Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Itakuwaje basi kumshuhudia uongo Mungu mwenyewe?

Wanaoitetea hukimbilia kwa Ayubu. Basi na tumsome Ayubu vizuri. Maneno yale ya sura ya kwanza, kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, aliyasema mfiwa mwenyewe juu ya msiba wake mwenyewe. Hakuambiwa na rafiki zake waliokuja kumfariji. Rafiki hao ndio waliojifanya wasemaji wa Mungu, na mwishoni mwa kitabu (Ayubu 42:7) Mungu anawakemea kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake. Mfiwa akikiri kwamba uhai wote ni wa Mungu, tunanyamaza na kuliheshimu neno lake. Lakini aliyechelewesha gari hana haki ya kuazima kinywa cha Ayubu.

Tuziangalie pia takwimu, maana nazo zinahubiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba hapa Tanzania walikuwa wakifariki akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa sababu zinazotokana na uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Je, katika miaka hiyo michache mapenzi ya Mungu yalibadilika? Hospitali yetu ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliongoza mpango wa kuwapa wakunga na wauguzi mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, katika vituo 30 vya mikoa mitano. Walijizoeza kumsaidia mtoto asiyepumua ndani ya dakika ya kwanza, na kuzuia damu ya mama isiendelee kumwagika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Mungu ni yule yule. Kilichobadilika ni mikono ya watumishi wake.

Yanayoua mama zetu yanajulikana: kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, shinikizo la damu linaloishia katika kifafa cha mimba, maambukizi, uchungu wa muda mrefu mtoto anaposhindwa kupita, na utoaji mimba usio salama. Wataalamu huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa tatu tuwadai serikali na hospitali, zikiwamo za kanisa. Lakini ule wa kwanza hutokea sebuleni kwetu. Mama anaumwa kichwa kikali, macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba; au anatokwa damu, ana homa kali, chupa imepasuka kabla ya wakati, au mtoto ameacha kucheza tumboni. Hizo ni dalili za kuondoka saa hiyo hiyo. Hazisubiri mume arudi safarini, wala mama mkwe akubali, wala mkesha wa maombi uishe.

Hapo tunafika kwa wale wanaohubiri kwamba kwenda kliniki ni upungufu wa imani. Wanamwambia mjamzito atupe vidonge vya kuongeza damu, anywe maji ya upako, afunge siku tatu bila kula wala kunywa. Sisi tuliofundishwa Katekismo Ndogo tulipaswa kuwa wa kwanza kuwapinga. Katika Sehemu ya Kwanza ya Imani tunakiri kwamba Mungu ametuumba, ametupa mwili na akili, na anatulinda. Anatulinda kwa njia gani? Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Luther aliandika barua ndefu kuwajibu wachungaji wa Breslau waliouliza Mkristo afanye nini wakati wa tauni. Aliwakosoa vikali waliodharau dawa kwa kisingizio cha imani, akisema kwamba wanamjaribu Mungu, kwa kuwa dawa na akili ni viumbe vyake. Na Biblia? Katika Kutoka 1, Mungu aliwaokoa watoto wa Israeli kwa mikono ya wakunga. Majina yao, Shifra na Pua, yameandikwa. Jina la Farao halikuandikwa. Aombaye na apande gari huku akiomba.

Sasa tuseme lililo gumu zaidi. Binti akipata mimba nje ya ndoa, katika sharika nyingi swali la kwanza ni lini atatengwa na Meza ya Bwana, na lini atarudi kundini. Swali la kwamba ameanza kliniki au la haliulizwi na mtu. Binti analijua hilo, kwa hiyo anaficha. Anafunga tumbo kwa kanga na kuvaa sweta wakati wa jua. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito ahudhurie kliniki angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kuisha. Huyu anafika mimba ikiwa na miezi saba, au hafiki kabisa. Na yeye ndiye mwenye hatari zaidi, kwa maana wasichana wadogo hupata kifafa cha mimba kuliko wanawake waliokomaa. Wakati huo kijana aliyempa mimba bado anaimba kwaya.

Hatusemi dhambi isiitwe dhambi. Tunasema nidhamu ya kanisa inayomfukuza mtu kwenye kliniki haiponyi roho, na inaua mwili. Katika Luka 1, Maria anakwenda haraka nyumbani kwa Elizabeti. Mimba yake haikuwa na dhambi, lakini majirani wangejuaje? Elizabeti alimpokea kwa baraka, akakaa naye kama miezi mitatu. Usharika usioweza kuwa nyumba ya Elizabeti usijisifu kwa utakatifu wake.

Na mtoto je? Hapa taifa limesonga polepole. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo 25 vya watoto wa chini ya siku 28 kwa kila vizazi hai 1,000; ule wa mwaka 2022 ulionyesha 24. Nabii Ezekieli (16:4-5) anapotaka kueleza kutopendwa, anamtaja mtoto aliyezaliwa asikatwe kitovu, asioshwe, asivishwe nguo, akatupwa kondeni. Nabii anapima upendo kwa yale anayotendewa mtoto katika saa za kwanza. Maarifa yameongezeka tangu siku zake, lakini kipimo ni kile kile. Mtoto akaushwe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa moja. Yale maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, yasimwagwe. Ni kinga yake. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, bila majivu, bila kinyesi cha ng'ombe, wala mafuta ya upako. Kwa miezi sita anyonye tu, hata maji asipewe. Akikataa kunyonya, akipumua haraka, akipata degedege, akiwa wa moto sana au wa baridi, au nyayo zikiwa za njano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ubatizo wa dharura ukihitajika, ufanyike. Lakini usiwe sababu ya kuchelewesha safari.

Kwa hiyo tunadai mambo haya katika kila usharika. Kila jumuiya iwajue wajawazito wake, na ijue ni gari la nani litakaloitwa usiku. Namba 115 ya mfumo wa M-mama, inayopigwa bure kuomba usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga, itangazwe pamoja na matangazo ya Jumapili. Sehemu ya sadaka ya diakonia itengwe kwa ajili ya safari hizo. Vijana wa kipaimara wafundishwe haya, wavulana kwa wasichana, na wenye umri na afya usharikani wachangie damu. Waume waende kliniki na wake zao. Wazee wa kanisa wamtembelee mzazi wiki ile ile ya kwanza, wasingoje siku ya ubatizo.

Hatuyasemi haya ili mama aliyefiwa abebe lawama. Wapo wanaopoteza mtoto baada ya kufanya kila lililowezekana. Kwao Luther aliandika maneno ya faraja mwaka 1542, akiwataka watu wasiwatwishe hatia, na sisi tufanye vivyo hivyo. Lakini tukisimama tena kaburini kwa mama mwingine, tulie pamoja na wanaolia, tutangaze ufufuo, na tuliache jina la Mungu nje ya uzembe wetu. Kisha, msiba ukiisha, baraza la wazee likae na kuuliza: tulichelewa wapi, na mjamzito anayefuata anaishi nyumba gani?