Bima ya Mifugo na Haki ya Kukijua Kipimo

Mwezi wa Januari 2010, wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walianza kuuziwa bima ya namna mpya. Bima ya kawaida humtaka mkaguzi aende kumwona ng'ombe aliyekufa. Na katika nchi kavu yenye masafa marefu kama ile, gharama ya safari yake huweza kuzidi thamani ya mzoga. Bima hii haimtazami ng'ombe. Hutazama majani, tena kutoka angani.

Hesabu yake si ngumu. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Setilaiti hupima yote mawili. Tuseme eneo fulani limerudisha asilimia 45 ya infraredi na asilimia 5 ya mwanga mwekundu: toa, upate 40, jumlisha, upate 50, gawanya, upate 0.8. Hayo ni malisho mazuri. Udongo mkavu uliorudisha 30 na 20 hutoa 0.2 tu. Kipimo cha msimu, kikilinganishwa na miaka iliyopita, kikishuka chini ya kiwango cha mkataba, kila mwenye bima katika eneo lile hulipwa. Fidia za kwanza zilitolewa Oktoba 2011, baada ya ukame mkali. Baadaye mkataba ulibadilishwa ili fedha zifike mapema, mfugaji anunue chakula cha mifugo ingali hai. Badiliko la busara, kwani fidia ya mzoga haitoi maziwa.

Hata hivyo, setilaiti huona ukijani tu. Kichaka kisicholiwa na ng'ombe nacho ni kijani. Mfugaji ambaye mifugo yake imekufa kwa maradhi, au aliye katika bonde lililonyimwa mvua huku eneo zima likineemeka, hapati kitu. Wataalamu walilijua hilo tangu mwanzo. Je, mnunuzi naye analijua? Muuzaji anazo tarakimu za miaka mingi. Mnunuzi ana neno la wakala. Soko la namna hiyo lakaribia kuwa kamari.

Yafaa tarakimu za kila msimu zibandikwe kisimani, mnadani na shuleni, kwa lugha ya wenyeji, kabla ada haijalipwa. Wazee wasiosoma desimali watasomewa na wana wao. Mwalimu wa hesabu anayefundisha wastani kwa alama za mtihani angeweza kuanza muhula huu kuufundisha kwa malisho ya Marsabit.