Lango Moja, Mashabiki Tele

Mama watoto amekataa katakata kukitupa kile kiatu. Ni raba ya bluu ya mguu wa kushoto, ya mtoto wa miaka minane, na kamba yake imekatika. Mwenzake wa kulia hatukumwona tena. Kila ninaposafisha kabati mimi hukitoa, naye hukirudisha papo hapo akisema, "Kikae hapo, Baba Watoto. Kikukumbushe."

Msomaji mpenzi, leo nataka nikusimulie jinsi kiatu hicho kilivyoachwa mjane. Huenda nawe una mtoto anayekusumbua umpeleke kutazama kandanda kwenye skrini kubwa pamoja na umati. Mimi wangu alinisumbua nikakubali, na nusura nirudi nyumbani bila yeye.

Ilikuwa Jumapili, Desemba 18, 2022, siku ya fainali ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Ufaransa kule Qatar. Wiki nzima gari lenye vipaza sauti lilikuwa limezunguka mtaani kwetu hapa Nairobi likitangaza kwamba mechi itaonyeshwa uwanjani, kiingilio bure, njooni nyote na jamaa zenu. Shule zilikuwa zimefungwa na watoto wako nyumbani wakihesabu saa. Kitinda mimba wetu hakulala vizuri usiku ule. Mama watoto aliuliza swali moja tu: "Huko kuna mpango wowote?" Nikamjibu kama wanaume tunavyojibu tusipojua, "Usiwe na wasiwasi."

Kilichonidanganya ni kumbukumbu. Mwaka 1990 nilikuwa barobaro, na katika ploti yetu televisheni ilikuwa moja tu, ya mwalimu mmoja aliyeishi chumba cha mwisho. Juni 8 mwaka huo tulijazana kwake kutazama Cameroon ikiwafunga mabingwa watetezi Argentina bao moja kwa bila. Tulipiga kelele hadi mbwa wa majirani wakaitikia. Kwangu mimi kutazama kabumbu pamoja na watu ndiyo raha yenyewe. Nilichosahau ni mambo aliyoyafanya yule mwalimu. Alikaa karibu na mlango akihesabu waliokuwa wakiingia. Watoto aliwaketisha sakafuni, mbele kabisa. Aliyeziba mlango aliambiwa asogee au aende kwao. Na juu ya kabati aliweka taa ya mafuta na kibiriti, kwa sababu alijua stima ya mtaa wetu. Tulimwona mzee msumbufu. Sasa ndio naelewa kwamba alikuwa mwenyeji aliyewajali wageni wake.

Nirudi kwenye fainali. Tulifika saa kumi na moja jioni. Uwanja ambao siku zote huwa wazi pande zote ulikuwa umezungushiwa mabati, na upenyo wa kuingilia ulikuwa mmoja, upana wa watu wawili wakipita ubavu kwa ubavu. Niliambiwa mabati yale yaliwekwa ili mtu asije na soda yake kutoka nyumbani, bali anunue iliyouzwa ndani. Soda yenyewe iliuzwa kwenye chupa za vioo. Kando ya upenyo ule ule waliegesha lori lililobeba jenereta na vipaza sauti. Choo hakikuwepo. Walinzi walikuwa wawili wenye rungu, na mechi ilipoanza saa kumi na mbili nao wakageuka kutazama.

Skrini iliuelekeza uso wake magharibi. Basi jua la jioni likaipiga moja kwa moja, na kwa muda wa robo saa ya kwanza na zaidi tuliona vivuli tu vikikimbizana. Walio nyuma wakaanza kusogea mbele ili waone. Messi alipofunga mkwaju wa penalti dakika ya 23, wengi tulijua kwa sauti ya mtangazaji kuliko kwa macho. Giza lilipoingia picha ikawa safi, lakini waliosogea mbele hawakurudi nyuma, na wengine walizidi kuingia. Di María alipoongeza la pili dakika ya 36, nilijaribu kuinua mikono kushangilia, ikanishinda. Ilikuwa imebanwa na mabega ya wenzangu. Hapo ndipo ningeondoka. Niliona, nikajiambia ni kipindi kimoja tu kimebaki.

Kipindi cha pili kilipokaribia mwisho, jenereta ilikohoa mara mbili ikazima. Petroli ilikuwa imekwisha, na aliyetumwa kuleta nyingine hakuwa amerudi. Skrini ikafa, taa zikafa, vipaza sauti vikafa. Mwanzoni watu walicheka na kupiga mbinja. Kisha kutoka kwenye baa iliyo ng'ambo ya barabara tukasikia ngurumo: Ufaransa imepata penalti, Mbappé amefunga! Kabla hatujamaliza kuulizana, ngurumo ya pili ikafuata. Mbappé tena, mabao mawili katika dakika ya 80 na 81, sasa ni mbili kwa mbili, na sisi tuko gizani!

Kila mtu alitaka jambo moja tu: atoke akatazame kwingine. Umati wa ndani ukageukia upenyo ule mmoja. Wakati huo huo walio nje, waliosikia kelele na kudhani stima imerudi, wakajisukuma kuingia. Wakakutana kando ya lori. Walio nyuma hawakuweza kuona kwamba walio mbele hawana pa kwenda, wakazidi kusukuma. Hakuna aliyekuwa na kipaza sauti cha kuwaambia wasimame.

Nilikuwa nimemshika mwanangu kifundo cha mkono. Nakuambia, msomaji, wakati fulani niligundua kwamba sitembei tena, nabebwa. Nyayo zangu ziligusa chini hapa na pale tu. Kifua hakikuwa na nafasi ya kujaa pumzi. Chupa zilikuwa zikipasuka chini ya miguu. Mkono wa mtoto ukaanza kuteleza kwa jasho, nikashika vidole, kisha nikashika hewa. Aliita "Baba!" mara moja. Sikumsikia tena.

Kilichotuokoa ni mabati. Upande mmoja ulilemewa ukaanguka, na watu wakamwagika nje kama mahindi kutoka guniani. Nami nikatupwa nje pamoja nao, nikapiga magoti, nikainuka na kurudi nilikotoka nikiita jina la mtoto. Lakini wazazi wengi walikuwa wakiita majina ya watoto wao, na sauti zikafunikana. Chini viatu vilikuwa vimetapakaa, vya wakubwa na vya wadogo. Nilivimulika kwa simu kimoja kimoja nikiomba nisione raba ya bluu. Mtoto hakuwa na namba yangu mfukoni. Hatukuwa tumeagana tukutane wapi tukipoteana.

Baada ya muda ulioniwia mrefu kuliko mechi nzima, nilifika kwa mama mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara. Alikuwa na taa yake, na juu ya mkokoteni wake alikuwa amewapandisha watoto watano, amewafunika leso.

"Mzee, kuna wako hapa?" akaniuliza. "Huyu wa mwisho anasema babake amevaa jezi ya Argentina. Nikamwambia, mwanangu, kila baba aliyepita hapa amevaa jezi ya Argentina."

Wa mwisho alikuwa wangu. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine haukuwa nacho na ulikuwa ukitoka damu. Kwenye redio ya yule mama mtangazaji alikuwa akisema sasa ni muda wa ziada. Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani huku kila dirisha likinguruma, na kwa jinsi nilivyokuwa sikujali ni nani anayefunga. Argentina ilishinda kwa penalti 4-2 baada ya sare ya 3-3. Wanaojua kandanda wanasema ilikuwa miongoni mwa fainali tamu kabisa. Mimi niliisikia kwa nyuma ya ukuta.

Siku mbili baadaye nilimwendea mmoja wa waandalizi. Hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha, akanipa pole, kisha akasema, "Ajali haina kinga, mzee wangu. Na watu walikuja wengi mno kuliko tulivyotarajia."

Nimekuwa nikiyatafuna maneno hayo tangu siku ile. Ukizunguka na kipaza sauti wiki nzima kuwaita watu, utashangaaje wakija? Mwenye harusi huhesabu sahani kabla ya kupika pilau. Anayeita mtaa mzima anafaa kuhesabu milango. Msemo wa ajali haina kinga tumeugeuza blanketi la kufunikia uzembe. Petroli kwisha si ajali. Lori kuegeshwa langoni si ajali pia.

Wala si kwetu tu. Juni 3, 2017, maelfu ya mashabiki wa Juventus walikusanyika katika uwanja wa Piazza San Carlo mjini Turin, Italia, kutazama kwenye skrini fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid iliyochezwa Cardiff. Hofu ilizuka ghafla na watu wakakimbia ovyo. Ilibainika baadaye kwamba vijana waliotaka kuiba walikuwa wamenyunyiza dawa ya kuwasha. Zaidi ya watu 1,500 waliumia, wengi wao kwa kukatwa na chupa zilizovunjika, na wanawake wawili walifariki baadaye kutokana na majeraha. Wezi walikuwa wachache. Vizuizi na vioo vya chini ndivyo viliyafanya madhara yawe makubwa hivyo.

Jirani zetu wa Kampala nao hawajasahau Julai 11, 2010, magaidi walipolipua mabomu mahali pawili palipokuwa na watu waliokuja kutazama fainali ya Uhispania na Uholanzi. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Ndiyo maana upekuzi langoni ni lazima. Lakini upekuzi huchelewesha foleni, na foleni ikichelewa watu husukumana. Basi dawa yake si kuacha upekuzi, ni kuongeza malango na kuyafungua mapema. Na hapa kwetu, Oktoba 23 mwaka huo huo wa 2010, mashabiki saba walikufa kwa msongamano katika uwanja wa Nyayo siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Walikuwa wametoka nyumbani kwenda kustarehe.

Wataalamu wa misongamano wanasema hatari huanza pale watu wanapozidi watano hivi katika eneo la mita moja mraba. Hapo mtu hatembei kwa hiari yake tena. Wengi wanaokufa katika misongamano hawafi kwa kukanyagwa, hufa kwa kukosa nafasi ya kuvuta pumzi, wengine wakiwa wamesimama. Kwa hivyo anayeandaa ajue uwanja wake una mita ngapi, na akifika kiwango afunge hesabu hata kama watu watamtukana. Awe na njia za kutokea zaidi ya moja, zisizo na lori wala kibanda. Auze vinywaji visivyo na vioo. Awe na jenereta ya pili na kipaza sauti cha betri. Walinzi wake watazame watu, wasitazame mpira.

Nasi wazazi tusijifanye hatumo. Ukifika mahali, kabla ya kutafuta skrini tafuta mlango wa kutokea, kisha simama upande huo. Mtilie mtoto mfukoni karatasi yenye namba yako ya simu. Mwonyeshe mahali mtakapokutana mkipoteana. Ukianza kuguswa na mabega pande zote, ondoka, hata kama bao linanukia. Na ukinaswa, usipigane na wimbi. Weka mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua, umpandishe mtoto juu, na usogee upande kidogo kidogo.

Nasema haya kwa sababu mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilichaguliwa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja haviwezi kumeza kila shabiki, na wengi wetu tutakuwa nje, mbele ya skrini za mitaani. Hizo skrini nazipenda bado. Mtoto asiye na televisheni nyumbani naye ana haki ya kupiga kelele pamoja na wenzake bao linapoingia. Ninachoomba ni mwenyeji mmoja kama yule mwalimu wetu wa 1990, mwenye kuhesabu wanaoingia, mwenye taa yake tayari juu ya kabati.

Kitinda mimba wetu amekua, na ameanza tena kuniuliza kama nitampeleka. Nimemwambia tutakwenda kwanza yeye na mimi mchana, uwanja ukiwa mtupu, tuhesabu malango. Yakiwa mawili au zaidi tutazungumza. Mama watoto alisikia, akanyamaza, kisha akaenda kabatini akaangalia kama kiatu kipo.